Mwili Mbele ya Miraba: Tarehe ya Picha za Mwendo wa Binadamu

Mwanadamu aliyesimama wima, akimkabili mtazamaji uso kwa uso, hana siri kubwa ya umbo: mstari ushukao toka utosini hadi baina ya nyayo humgawa nusu mbili zilizo pacha, bega kwa bega na goti kwa goti, na wachongaji wa Misri na wa Uyunani waliijua kanuni hiyo na kuitumikia karne nyingi kabla ya kamera ya kwanza kuundwa. Lakini mtu huyo akiinua unyayo wake mmoja tu kutaka kwenda, upacha ule huvunjika papo hapo; mguu wa kulia huwa mbele na wa kushoto nyuma, mkono wa kushoto hutoka pamoja na mguu wa kulia, nyonga moja hushuka na bega la pili hupanda, na jicho, ambalo halikujaaliwa wepesi wa kukamata kila kinachopita, huridhika kwa kuambiwa na akili kwamba mtu yule anatembea. Hata hivyo mizani ya mwili haikupotea, maana kitendo atendacho mguu wa kulia sasa ndicho kitakachotendwa na wa kushoto hatua ya pili, na kwa hiyo mwili unaokwenda hujilinganisha na nafsi yake kwa muda, ilhali uliosimama hujilinganisha kwa nafasi. Picha moja haiwezi kuuonyesha ulinganifu wa namna hiyo, na tarehe yote ya upigaji picha wa mwili katika mwendo, ambayo haijatimiza karne mbili, ni habari ya watu waliolikabili tatizo hilo kila mmoja kwa hila yake.

Mwanzoni kamera haikuwa na uwezo hata wa kukiri kwamba kuna mwendo duniani. Louis Daguerre alipoielekeza kamera yake Boulevard du Temple mjini Paris, mwaka 1838, bamba lake la fedha lilihitaji kuangaliwa na jua kwa dakika kadhaa, na matokeo yake yakawa kwamba barabara iliyojaa magari ya farasi na wapita njia ilitoka tupu kabisa. Wote waliokuwa wakienda hawakuacha hata kivuli, na aliyebaki akionekana ni mtu aliyesimama pembeni kung'arishiwa viatu vyake. Kwa miaka 40 iliyofuata, aliyetaka kupigwa picha alipaswa kutulia tuli, na katika studio nyingi palikuwapo vyuma vya kushikilia kisogo ili kichwa kisitikisike.

Aliyeifungua njia alikuwa Mwingereza aliyezaliwa Kingston upon Thames mwaka 1830 kwa jina la Edward James Muggeridge, akahamia Marekani, na huko, baada ya kulibadili jina lake mara kadhaa, akajiita Eadweard Muybridge. Alikuwa amepata sifa kwa picha za mabonde na maporomoko ya Yosemite, California, wakati tajiri wa reli Leland Stanford, aliyepata kuwa gavana wa jimbo hilo, alipomtaka mwaka 1872 ampigie picha farasi wake aliyekuwa akikimbia, ili ijulikane kama kuna nukta ambapo kwato zote nne huwa hewani. Kazi ilikatizwa na msiba wa nyumbani: Oktoba 1874 Muybridge alimpiga risasi na kumwua Harry Larkyns, mpenzi wa mkewe, na Februari 1875 mahakama mjini Napa ikamwachilia huru, kwa kuwa wale walioapishwa kuiamua kesi waliona kuwa mume yeyote angalifanya vivyo hivyo. Hukumu hiyo naiacha kwa wanasheria. Juni 1878, katika shamba la Stanford huko Palo Alto, mbele ya waandishi wa magazeti, kamera 12 zilipangwa safu moja kandokando ya njia, nyuzi zikatandwa toka kila kamera kukatiza njia hiyo, na farasi jike aitwaye Sallie Gardner akapita shoti akizikata nyuzi moja baada ya moja, na kila uzi uliokatika ukafungua na kufunga jicho la kamera yake. Kwato nne zilionekana hewani, zikiwa zimekunjwa chini ya tumbo, wala hazikunyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuzichora.

Habari ya farasi imesimuliwa mno hata ikafunika ile iliyo kubwa zaidi. Mwaka uliofuata kamera zikawa 24, na Muybridge akawaleta mbele yake wanariadha wa klabu ya Olympic ya San Francisco, akawapiga picha wakiruka, wakipigana mieleka na wakibiringika hewani. Hapo ndipo mwili wa mtu ulipoonekana, kwa mara ya kwanza, katika hali ambazo hakuna mchongaji aliyeziona: mrukaji aliyekwama hewani magoti yakiwa kifuani, mpiganaji ambaye uso wake umepindika kwa juhudi, mikono iliyotawanyika pasipo adabu ya sanamu. Stanford, kwa upande wake, alijali zaidi farasi. Mwaka 1882 alidhamini kitabu kilichoandikwa na rafiki yake tabibu J. D. B. Stillman, kilichojaa michoro iliyotokana na picha za Muybridge bila ya kumpa heshima iliyomstahiki, na habari hiyo ikamfikia mwenyewe akiwa London, ambako chama cha wanazuoni cha Royal Society, kilichokuwa tayari kuchapisha maandiko yake, kiliyarudisha kwa kuona kuwa huenda kazi si yake. Alimshitaki Stanford akashindwa.

Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, kilimpa makao mapya toka mwaka 1884, na mchoraji Thomas Eakins akawa miongoni mwa waliomuunga mkono. Vioo vikavu vya jelatini, vyepesi zaidi kunasa nuru kuliko dawa mbichi ya kolodioni aliyoitumia Palo Alto, vilikuwa vimeshaenea, na umeme ukachukua kazi ya nyuzi. Kamera 12 ziliutazama mwili toka ubavuni, na nyingine zikautazama toka mbele na toka nyuma, zote zikifunguka pamoja, hata kitendo kimoja cha kuinama kuokota kitu kikapata mashahidi watatu waliosema kwa wakati mmoja. Mwaka 1887 kazi hiyo ilitolewa kwa jina la *Animal Locomotion*, kurasa 781 zenye picha zipatazo 20,000, na mtu aliyetaka kurasa 100 kwa kuchagua alilipa dola 100, bei iliyowafaa vyuo, majumba ya sanaa na mafundi wakubwa kama mchongaji Auguste Rodin kuliko msomaji wa kawaida.

Wengi wa watu waliomo katika kurasa hizo wako uchi. Msomaji wetu aliyelelewa katika stara atakunja uso, na simlaumu. Lakini afahamu kwamba hata Philadelphia ya siku hizo ilikunja uso, na Eakins alilazimishwa kujiuzulu katika shule yake ya sanaa mwaka 1886 kwa sababu ya kumvua nguo mwanamume mmoja mbele ya darasa lililokuwa na wanawake. Muybridge alijikinga kwa kanzu ya elimu. Nyuma ya miili hiyo aliweka pazia jeusi lenye nyuzi nyeupe zilizofanya miraba, na miraba hiyo ilisema, bila kunena, kwamba hapa hapana tamaa bali pana vipimo. Naye mwenyewe, akiwa na ndevu nyeupe, alivua nguo akatembea, akapanda ngazi na akatupa kisahani mbele ya kamera zake, kisha akajiandikisha katika orodha kama mwanariadha wa zamani mwenye umri wa karibu miaka 60, ilhali alikuwa kwenye hamsini na kitu.

Miraba ile ina nasaba yake, na nasaba hiyo haistahili kupitwa haraka. Mwaka 1869 J. H. Lamprey wa Chama cha Ethnolojia cha London alieleza namna ya kumpiga picha mtu aliye uchi mbele ya fremu iliyotandwa nyuzi za hariri, zikifanya miraba ya inchi mbili, ili miili ya mataifa mbalimbali ilinganishwe kwa vipimo. Na mwaka huohuo mwanazuoni T. H. Huxley aliishauri serikali ya Uingereza iwapige picha raia wa makoloni yake, uchi, wima, mbele na ubavuni, kwa fimbo ya kupimia. Kwa hiyo ulinganifu wa mtu aliyesimama tuli, ambao Myunani aliufanya alama ya uungu, ulifanywa na karne ya kumi na tisa kuwa alama ya kuorodheshwa. Philadelphia miraba hiyo ilianza kutumika Juni 1885, na mtu wa kwanza kusimamishwa mbele yake alikuwa Ben Bailey, mpiganaji wa ngumi mwenye asili ya Kiafrika, mtu mweusi pekee katika mkusanyo wote ule. Baadaye tu wanafunzi wa chuo, Wazungu watupu, walisimamishwa papo hapo. Sidai kwamba Muybridge alikuwa na nia mbaya kwa Bailey. Nasema tu kwamba chombo hubeba desturi za walikotoka waliokiunda, na anayekishika mara nyingi hana habari.

Vilevile hakuna asiyeona, akizipitia kurasa zile kwa utulivu, jinsi kazi zilivyogawanywa. Wanaume hutupa mkuki, hupiga ngumi, huinua mawe, hufua chuma; wanawake huteka maji na kuyamimina, hujitwika mtungi au kikapu, hufagia, hucheza na kitambaa chepesi, hubusiana, hupanda kitandani. Mtungi wa kichwani, nakiri, ni chaguo lililomtunukia mpiga picha zaidi ya alivyotarajia, kwa kuwa mbebaji hukataza kichwa na mabega yasiyumbe ilhali nyonga na miguu zikiendelea na kazi yao, na hivyo hudumisha ulinganifu wa kusimama juu ya ulinganifu wa kwenda, jambo ambalo wanawake wa mwambao wetu wamelifanya tangu kale bila ya kuombwa na chuo chochote. Ama kuhusu elimu yenyewe, mtafiti Marta Braun alipozichunguza kurasa hizo katika karne ya ishirini aligundua kwamba kiasi cha asilimia 40 hazifuatani kwa haki: picha zilizoharibika ziliachwa, nafasi zao zikajazwa kwa nyingine, safu zikapangwa upya ili ukurasa upendeze. Kumbe aliyejivika kanzu ya msomi alikuwa fundi wa sanaa moyoni, na kitu kilichomwongoza mwisho wa kazi, penye meza ya kupangia, kilikuwa mizani ya ukurasa.

Msomi wa kweli alikuwa ng'ambo ya bahari, Ufaransa, na ajabu ya mambo ni kwamba Étienne-Jules Marey alizaliwa mwaka uleule wa 1830, alikufa mwaka uleule wa 1904, siku chache tu baada ya mwenziwe, na herufi za mwanzo za majina yao ya kuzaliwa ni zilezile tatu. Alikuwa tabibu aliyechunguza mapigo ya moyo na ya mshipa, akavumbua vyombo vya kuyachora mapigo hayo yenyewe kwa yenyewe juu ya karatasi, na alipoziona picha za farasi wa Palo Alto alistaajabu, lakini hakuridhika, kwa sababu kamera zilizopangwa safu hutazama kila moja toka mahali pake na haziwezi kuapa kwamba muda baina ya picha na picha ni sawa. Mwaka 1882 alitengeneza bunduki isiyoua, iliyopiga picha 12 kwa sekunde moja, akawalenga ndege wa bahari. Na mwaka huohuo akafungua kituo cha uchunguzi katika viwanja vya Parc des Princes, akisaidiwa na Georges Demenÿ, kwa fedha za mji wa Paris na serikali, ambayo tangu kushindwa vitani na Wajerumani mwaka 1871 ilitamani kujua namna bora ya kumtembeza askari.

Hapo Marey alifanya jambo ambalo, kwa rai yangu, ndilo kilele cha tarehe hii. Alitumia kamera moja na kioo kimoja, mbele ya banda lenye giza tupu, akamwamuru mtu mwenye nguo nyeupe apite, na kisahani chenye matundu kilichozunguka mbele ya kioo kikamnasa mara nyingi juu ya kioo kilekile. Tatizo likazuka: mtu akienda polepole, picha zake hupandana zikachafuana. Marey alilitatua mwaka 1883 kwa kumfuta mtu mwenyewe. Alimvika nguo nyeusi toka kichwani hadi miguuni, akambandika utepe unaong'aa kando ya mkono na mguu, na vifungo vyeupe penye viungo, hata kamera isione nyama wala uso, ila mistari. Na mistari hiyo ikatoka kiooni imelala kando kwa kando, ikiinama na kuinuka kwa mawimbi yaliyo sawa, mithili ya miyaa iliyopangwa kabla ya kusukwa ukili. Kile ambacho mtembeaji hufanya kwa hatua mbili, na ambacho Muybridge alikigawa katika visanduku kumi na viwili, sasa kilionekana chote kwa tupio moja la jicho. Gharama yake ni kwamba mtu ametoweka. Marey hakusikitika, hakupata kudai kuwa ni msanii, na wasanii waliokuja kumwibia baadaye, akiwamo Marcel Duchamp, ambaye mchoro wake wa mwaka 1912 wa mtu aliye uchi akishuka ngazi uliwachekesha na kuwakasirisha watu wa New York mwaka uliofuata, aliwaachia mavuno tayari.

Rodin alilijibu jambo hili kwa upande wa pili. Katika mazungumzo yake na Paul Gsell, yaliyochapishwa mwaka 1911, aliulizwa kwa nini sanamu yake ya Yohana Mbatizaji, atembeaye akihubiri, imekanyaga nchi kwa nyayo zote mbili, hali ambayo picha za watembeaji haziithibitishi. Naye akashika kwamba anayesema kweli ni msanii na inayosema uongo ni picha, kwa sababu wakati hausimami, na mtembeaji aliyenaswa na kamera huonekana kama aliyepigwa kiharusi ghafula katikati ya hatua. Sanamu, kwa maelezo yake, huanza mwendo penye mguu mmoja na kuumaliza penye wa pili, na jicho la mtazamaji likipanda toka huku hadi kule huukamilisha. Nimeisoma hoja hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara naiona ina nguvu kuliko walivyotaka kukubali wapiga picha, lakini yafaa kukumbuka kwamba aliyeitoa alikuwa amejiandikisha kununua kurasa za Muybridge.

Jibu la wapiga picha lilichelewa hadi taa ilipopata wepesi. Mwaka 1931 Harold Edgerton, mhandisi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, aliunda taa zinazomweka kwa kipimo kilichotengwa, mara nyingi katika sekunde moja, kila mmweko ukiwa mfupi kupita kadiri ya kufikirika. Picha yake ya mwaka 1938 ya mcheza gofu Densmore Shute, fimbo ikimzunguka kwa duara juu ya duara, ni Marey aliyerudishiwa uso na nguo. Gjon Mili, Mwalbania aliyezaliwa Korçë mwaka 1904, mwaka ule wa vifo viwili, alijifunza ufundi huo katika chuo hichohicho, akaupeleka kwenye gazeti la LIFE na kwa wacheza densi. Mpiga picha Barbara Morgan alikwenda kinyume chao: hakutaka mwendo wote, alitaka nukta moja ibebayo mwendo wote, na kwa ajili yake hakuwapiga picha wachezaji wakiwa jukwaani, bali aliwaalika mahali pa faragha, akatazama densi hata akaijua, akaiomba irudiwe. Picha yake ya mwaka 1940 ya mcheza densi Martha Graham, aliyeinama kiwiliwili mpaka kikalala sambamba na sakafu, mkono ukigusa paji la uso, na sketi yake ndefu ikipanda nyuma kwa upinde mkubwa, haina upacha hata kidogo kushoto na kulia, na bado imetulia kwa mizani isiyokubali kuongezwa wala kupunguzwa. Rodin angaliikubali, nadhani, kwa shingo upande.

Lakini uzuri wa mizani huweza kumtia mtu hofu. George Rodger, Mwingereza, aliingia kambi ya Bergen-Belsen na kamera yake Aprili 1945, na baadaye akasimulia jinsi alivyojikuta akizipanga maiti ndani ya fremu ili picha ikae vizuri, akajiogopa nafsi yake na kuapa kuacha picha za vita. Safari ndefu ya Afrika ikamfikisha Kordofani, Sudan, mwaka 1949, kwa Wanuba, ambako alipiga picha ya mshindi wa mieleka, mwili umepakwa jivu, amebebwa mabegani mwa mwenziwe. Picha hiyo ndiyo iliyomvuta Leni Riefenstahl, mwanamke aliyetengeneza filamu ya michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936 kwa fedha za dola ya Hitler, akichimba mashimo kandokando ya uwanja ili kamera iwatazame warukaji toka chini na kuwaonyesha dhidi ya mbingu. Alikuja Kenya mwaka 1956 kutengeneza filamu juu ya biashara ya utumwa, akapata ajali mbaya ya gari, filamu haikukamilika. Kisha akawatafuta Wanuba, na kitabu chake cha mwaka 1973 kikawa mashuhuri duniani. Rodger, alipoombwa msaada naye, alikataa. Mwaka 1975 mwandishi Susan Sontag alidai kwamba miili ile ya Wanuba na ile ya Berlin imetazamwa kwa jicho moja, jicho linaloabudu mwili ulio kamili na kuwadharau wasio nao. Naikubali hoja hiyo kwa sehemu kubwa, na naongeza jambo ambalo kamera ilikuwa nalo mbele yake: vijana wa Kinuba wa Kau, ambao Riefenstahl aliwapiga picha baadaye, walikuwa wakijipaka rangi kwa ustadi ambao mwanaanthropolojia James Faris alikuwa ameshauandikia kitabu mwaka 1972, na mara nyingi nusu ya uso ilichorwa makusudi isifanane na nusu ya pili. Wenye miili walikuwa wakiuvunja ulinganifu wao wenyewe, kwa hiari na kwa mzaha wa kisanii, ilhali mgeni akiutafuta.

Kuhusu mavazi meusi ya Marey, yamezaliwa upya, maana wapimao mwendo wa wagonjwa na wanariadha hivi sasa, na watengenezao filamu za viumbe wa kubuni, hubandika alama zinazong'aa penye viungo vya mtu kwa kanuni ileile ya mwaka 1883. Mwanasaikolojia wa Uswidi Gunnar Johansson aliitumia kanuni hiyo kuuliza swali ambalo Marey hakuliuliza. Alitia nuru ndogo kumi hadi kumi na mbili penye viungo vya mtu, akampiga filamu akitembea gizani, na katika maandiko yake ya mwaka 1973 akaeleza kwamba watazamaji, wasioonyeshwa mkono wala uso, walitambua upesi kwamba ni mwanadamu anayetembea. Filamu iliposimamishwa, hawakuona ila nukta. Miaka minne baadaye watafiti wengine, James Cutting na Lynn Kozlowski, waliwaonyesha watu filamu za namna hiyo za rafiki zao na za nafsi zao, na ingawa walikosea mara nyingi, walipatia zaidi ya ambavyo bahati peke yake ingeliwapa.